Kabla ya kutia rangi, kijue kitambaa

Jambo moja kwa wanaotia rangi nguo za mitumba nyumbani: kijue kitambaa kwanza. Chomoa uzi mmoja pindoni, uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka ikawa kitone kigumu, na rangi za kawaida za batiki haziishiki. Shati langu jeupe la pamba, la mtumba kutoka soko la Karume, lilikuwa limefubaa. Nililifua, nikalifunga mafundo likiwa limelowa, nikalichovya kwenye rangi ya buluu. Lilitoka jipya kabisa. Nyuzi za mshono tu, zilizokuwa za poliesta, zilibaki nyeupe. Vaa glavu, na sufuria ya rangi isirudi kupikia chakula.