Namba Huulizwa kwa Aliyeitoa
Hadi leo hukutwa programu za mauzo ambazo huingiza rekodi mpya kwenye hifadhidata, kisha huuliza namba kubwa kuliko zote katika jedwali, zikiamini kuwa ndiyo ya rekodi hiyo. Muuzaji akiwa mmoja, jibu huwa sahihi. Wakiwa wawili kwa wakati mmoja, risiti ya huyu huweza kubeba bidhaa za yule, kwa kuwa kati ya kuingiza na kuuliza rekodi nyingine imekwisha kupenya. Namba huulizwa kwa aliyeitoa, si kwa aliyesimama mwisho wa foleni. MySQL ina LAST_INSERT_ID(), ambayo hukumbuka namba iliyotolewa kwa muunganisho husika pekee, hata wengine wakiingiza maelfu. Ila rekodi kadhaa zikiingizwa kwa amri moja, hurudisha namba ya kwanza, si ya mwisho. Katika SQL Server, @@IDENTITY huweza kuleta namba ya jedwali jingine iwapo triga imeingiza rekodi huko, ndiyo maana SCOPE_IDENTITY() ni salama zaidi. PostgreSQL, tangu toleo la 8.2 la mwaka 2006, huruhusu RETURNING iambatishwe kwenye amri yenyewe ya kuingiza, na namba hurudi papo hapo. Kukisia namba ambayo hifadhidata iko tayari kuitaja ni uzembe, hata majaribio yote yakifaulu. Na muamala ukibatilishwa, namba iliyokwisha kutolewa kwa kawaida haitumiki tena, hivyo mapengo katika mfululizo si dalili ya rekodi zilizopotea.