Kamera ya kubonyeza tu: mnunuzi ajue ananunua nini

Mfanyabiashara mdogo wa Mbulu au Hanang anayetaka kuweka mtaji katika kamera ya mtumba ataambiwa na muuzaji kwamba ni ndogo na ni ya dijitali. Kwa maoni ya safu hii, sifa zote mbili hazimsaidii.

Kamera ya kubonyeza tu haitambuliwi kwa udogo. Inatambuliwa kwa maamuzi ambayo mpiga picha ameondolewa: lensi haibadilishwi, flashi imo ndani, mwanga hupimwa na kamera yenyewe. Kampuni ya Konica ilitoa C35 EF yenye flashi ya ndani mwaka 1975, na mwaka 1977 ikatoa C35 AF inayojilenga yenyewe.

Hapo kwenye kulenga ndipo fedha hupotea. Kwa jina hilohilo huuzwa mashine za aina mbili. Moja hupima umbali na kusogeza lensi. Ukibonyeza kitufe nusu, taa huonyesha kwamba imeshika. Nyingine lensi yake haisogei kabisa, na huona vizuri kuanzia kama mita moja na nusu kwenda mbali. Hiyo itapiga Mlima Hanang, wenye mita 3,417, bila taabu. Lakini uso wa mteja wa pasipoti saizi ukiusogelea utatoka na ukungu, na anayelipa ni mteja, si mlima. Kabla ya kutoa shilingi, piga picha maandishi ya ukurasa huu kwa umbali wa hatua moja, kisha uikuze. Uliza pia betri. Inayotumia betri ndogo za dukani ni afadhali kuliko yenye betri ya pekee ambayo haipatikani Katesh wala Haydom.

Tusisahau soko lenyewe. Viwanda vikubwa, vingi vya Japani, vilipeleka sokoni kamera za lensi isiyobadilika zaidi ya milioni 100 mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Kazi imechukuliwa na simu, ambayo kwa vipimo tulivyotaja nayo ni kamera ya kubonyeza tu. Mwenye simu nzuri mfukoni anayo mashine tayari. Mtaji wake auelekeze kwenye printa, karatasi na wino, maana fomu ya shule haibandikwi simu.