Diski Kubwa kwenye Kisanduku Kizee? Sitaki!

Picha za bibi harusi siku ya singo, kichwa wazi, ni amana. Dukani kwangu ninakoshona na kupamba zimo kwenye kisanduku cha zamani cha kuhifadhia mafaili, kimeungwa na intaneti, kimejaa. Fundi anasema nitie diski kubwa tu. Sikubali! Kitambaa kilichochoka hakiongezwi upana, mshono unaachia. Juni 2021 wenye WD My Book Live, kifaa kilichokosa masasisho tangu 2015, walikuta wavamizi wamewafutia kila kitu kupitia intaneti. Diski kubwa ingewasaidia nini? Mimi nimeshachomoa waya. Nanunua diski mbili za nje, moja kabatini kwangu, moja kwa mama. Nawe bibi harusi, muulize mpambaji wako picha zako zinalala wapi.