SAKAFU YA KIBERENGE



Leo twataka kunena habari ya kitu kidogo, nacho ni sakafu ya kiberenge. Labda wengine watacheka, kwa kuwa Chama kina mambo makubwa ya mishahara na nyumba. Lakini sisi tunaopanda kiberenge alfajiri kwenda kukaza boliti za reli upande huu wa Makueni, hatucheki.

Wakati wa mvua za vuli zilizopita, mguu wa mwenzetu ulipenya sakafuni kiberenge kikiwa katika mwendo. Bahati yake dereva alisikia ukelele akafunga breki. Aliumia vibaya, lakini mguu anao. Miezi mitano kabla ya siku hiyo tulikuwa tumekwisha kusema kwamba mbao zinabonyea. Jibu tulilopata lilikuwa bati, lililopigiliwa juu ya mbao zile zile. Bati likaficha uozo, tena likazuia mbao zisikauke. Shule ya misheni tulifundishwa kwamba mtu hashoni kiraka kipya katika vazi kuukuu. Waliotuletea bati nadhani walikuwa hawapo siku ile.

Baadhi yetu tumepata kufanya kazi Mombasa, tukaona mafundi wa mashua wakibadili sakafu. Fundi haanzi kwa kununua mbao. Kwanza hung'oa zile za kale, hufua maji yaliyo ngamani, kisha hugonga mataruma moja moja kwa nyundo na kusikiliza. Taruma zima hulia, lililooza halilii. Hilo ndilo linalobadilishwa kwanza. Tena mbao nyingine huachwa bila kupigiliwa, ili ziinuliwe wakati wowote, maji yatolewe na hewa ipite.

Basi twaomba kiberenge kitendewe vivyo hivyo. Kwanza, bati na mbao zote zing'olewe, na mihimili ya chini ikaguliwe mbele yetu sisi tunaokipanda. Pili, mbao mpya zifungwe kwa boliti, maana mtikisiko wa reli hulegeza misumari. Na ziachiwe nafasi ndogo maji yapite. Tatu, kuwe na kipande cha kuinuliwa ili tutazame chini kila juma.

Na mbao zenyewe? Tusiletewe plaiwudi. Hapa kwetu Kitui na Makueni tuna mukau. Wazee wetu walichonga mizinga ya nyuki kwa mti huo, na milango ya mukau twaijua, mchwa huishindwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imepanda mashamba ya mbegu zake Kitui na Kibwezi, na wakulima wengi wanaupanda. Ichaguliwe mbao ya kiini chekundu, si weupe wa nje ambao huliwa na wadudu. Fedha hiyo itabaki kwa watu wa hapa.

Tutaambiwa kwamba fedha hakuna. Lakini bati lilinunuliwa, na matibabu ya mwenzetu yalilipiwa, na siku alizokaa nyumbani zilihesabiwa. Ukijumlisha, mbao ni rahisi zaidi.

Sasa tuseme na makosa yetu wenyewe. Tundu lilipoanza kuonekana, sisi tulitandika gunia tukakaa juu yake. Tuliogopa kuitwa wakaidi. Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatutaka tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, wala mwajiri hana ruhusa kuturudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kusema si ukaidi, ni wajibu. Na mwenye kusema asiachwe peke yake: genge zima liandike majina, na barua ipitie kwa katibu wa tawi.

Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Katika Wahindi walioletwa kuijenga, karibu 2,500 walikufa, mbali na Waafrika. Deni hilo latosha. Hatutaki kuliongeza kwa sababu ya mbao sita.

Tukutane mkutano wa tawi, kila mtu aje na habari ya kiberenge chake.

Umoja ni nguvu.