KOCHA SI JEZI, MSIMBADILISHE KILA JUMAMOSI!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Shinyanga

KAA nusu saa tu kwenye kijiwe cha kahawa jirani na stendi ya mabasi mjini Shinyanga, utausikia mjadala usiokwisha. Timu imefungwa, nani apewe? Mmoja anataka Mzungu. Mwingine anataka Mrundi. Wa tatu anasema aletwe mtu kutoka Dar es Salaam aliyewahi kuchezea Simba au Yanga, maana huyo "anajulikana". Hata anayemimina kahawa ana kocha wake mfukoni.

Kahawa inakwisha, sauti zinapanda, lakini hakuna anayeuliza swali la maana: huyo kocha ataajiriwa na nani, na atafukuzwa na nani?

Hilo ndilo swali langu leo, ndugu msomaji. Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne. Sina leseni ya ukocha wala sijawahi kukaa meza moja na vigogo wa soka. Lakini macho ninayo na kumbukumbu ninazo. Nimeziangalia timu tatu za ukanda wetu huu wa almasi na dhahabu zikipanda na kushuka, na nimegundua kwamba kila mara aliyehukumiwa ni mmoja, kocha, huku waliomwajiri wakibaki na viti vyao.

GEITA IMETUPA SOMO

Tuanze na Geita Gold, timu ya halmashauri ya Geita yenye udhamini wa mgodi wa GGML. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Ilipofika huko akaletwa Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyewahi kuifundisha Taifa Stars. Wapenzi walishangilia, wakaona sasa timu imepata mtu mzito. Mtu mzito huyo hakumaliza hata mzunguko wa kwanza! Timu ikawekwa mikononi mwa Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga.

Kilichofuata kila mtu anakijua. Timu iliyokuwa inacheza kwenye uwanja wa Nyankumbu, kwenye shule ya sekondari ya wasichana, ilimaliza msimu wa 2021/22 ikiwa ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. George Mpole akafunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa ligi nzima, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga. Geita ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Kutolewa si aibu. Nani alidhani mji wa wachimbaji ungepeleka timu kwenye mashindano ya Afrika katika mwaka wake wa kwanza Ligi Kuu?

Hapo wapenda kelele watasema: "Umeona? Ndayiragije hafai, Minziro anafaa!" Ngojeni kwanza. Huyu huyu Ndayiragije ndiye aliyekuwa na KMC ya Kinondoni ilipomaliza ya nne msimu wa 2018/19. Na KMC nayo ni timu ya halmashauri, tena ndiyo ilikuwa imepanda tu. Kwa hiyo mtu mmoja aling'ara Kinondoni na hakudumu Geita. Ujuzi wake uliyeyukia njiani, kwenye basi la kuja Kanda ya Ziwa?

Twende mbele. Msimu wa 2023/24 Geita ilianza na Hemed Suleiman "Morocco" na kumaliza na Denis Kitambi. Mwisho wa msimu ikashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Pale kijiweni tukasema makocha hawa ni wabovu. Lakini Novemba 2024, Taifa Stars chini ya huyo huyo Morocco iliifunga Guinea na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025. Mtu ambaye timu ya mji haikuweza kukaa naye msimu mmoja ameipeleka nchi nzima Afrika!

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tumechagua majembe hadi duka limekwisha, na shamba bado lina magugu.

MGOGORO HAUNA MFUMO WA KUUZUIA

Sasa turudi hapa hapa Shinyanga. Stand United, Chama la Wana, ni timu iliyoanzishwa na watu wa stendi, wapiga debe wakiwamo. Haikuzaliwa na tajiri wala na wizara. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, na mji mzima ukavaa rangi zake. Mwaka 2015 kampuni ya dhahabu ya Acacia ikaja na udhamini. Akaja na kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyekuwa amewahi kuifundisha Simba.

Basi fedha ipo, Mzungu yupo, Uwanja wa Kambarage unajaa. Nini tena kilikosekana? Kilichokosekana ni amani ndani ya nyumba. Ulizuka mgogoro wa nani mwenye timu: wanachama au kampuni? Kila upande ukadai wenyewe ndio halali. Mwaka 2016 mdhamini akafungasha virago. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 2019 Stand ikashuka daraja.

Niambieni, ndugu zangu wa kijiweni, kuna mfumo gani wa uchezaji, 4-4-2 au 4-3-3, unaoweza kuzuia mgogoro wa uongozi? Hata angeletwa Ferguson mwenyewe angepanda basi la usiku akarudi kwao.

Na kwa kuwa nimemtaja Ferguson, tukumbushane. Aliingia Manchester United Novemba 1986. Kombe lake la kwanza, la FA, alilipata mwaka 1990. Angekuwa kwetu, kabla ya miaka hiyo kuisha angekuwa amefukuzwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kwa ujumbe wa simu.

Timu ya tatu ni Mwadui, ya mgodi wa almasi. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015 chini ya Jamhuri Kihwelo "Julio", mtu wa maneno mengi na kazi nyingi. Mwaka 2016 Julio akaondoka. Mwaka 2021 Mwadui nayo ikashuka. Na msimu wa 2024/25, Stand na Geita, ndugu wawili wa kanda moja, zilikutana kwenye mchujo wa Championship kugombea nafasi ya kurudi juu. Stand ikapita, ikaenda kukwama kwa Fountain Gate. Ukanda unaotoa dhahabu na almasi ya nchi ulikuwa unagombania mlango mmoja wa nyuma!

MNASEMA KOCHA ANAYEFUNGWA AONDOKE?

Najua majibu yenu. "Mpira ni matokeo. Kocha akifungwa mechi tano aondoke, hata Ulaya ni hivyo hivyo." Hoja hii ina ukweli wake, siwezi kuibeza. Wapo makocha wavivu. Wapo wanaokuja kula mshahara na kuondoka. Na hata mimi nimesema Geita ilifanya vizuri baada ya kubadilisha kocha msimu wa 2021/22.

Lakini tazameni ilibadilisha kwa kumpa nani. Ilimpa mtu aliyewajua wachezaji wale, aliyelijua vumbi la viwanja vya huku na safari ndefu za mabasi. Haikufungua duka jipya. Huko ndiko ninakotaka tufike: tofauti ya kubadilisha kocha kwa akili na kubadilisha kocha kwa hasira za Jumamosi jioni.

Kocha mpya anakuja na watu wake. Anataka wachezaji wake, wa zamani wanavunjiwa mikataba, wengine wanadai, kesi zinafika kwenye shirikisho. Fedha ambayo ingenunua mipira ya vijana inalipa watu wasiofanya kazi. Kisha mechi tano zingine zikipotea, tunaanza upya. Huo si mpira, huo ni ulaji! Kila kocha anayeingia na kila mchezaji anayesajiliwa kwa pupa, kuna mtu wa kati anayekunja noti. Ndiyo maana wengine wanapenda sana mabadiliko.

Na tusisahau aibu ya Februari 2016. Geita ikiwa daraja la kwanza iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 siku ile ile Polisi Tabora ilipoifunga JKT Oljoro 7-0, zote mbili zikiitafuta nafasi moja ya kupanda. Shirikisho likaamua kwamba matokeo yamepangwa, timu zikashushwa, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Timu inayotafuta njia ya mkato hufika huko. Leo inakata kona kwa kocha, kesho itakata kona kwa mabao.

BASI NANI APEWE?

Msije mkasema mwandishi amelalamika tu halafu akakimbia. Jibu langu hili hapa: apewe mtu wa huku, tena tuanze kumwandaa leo.

Panda treni ya reli ya kati hapa Shinyanga kuelekea Mwanza, utapita Malya, wilayani Kwimba. Pale kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo, chuo cha serikali kinachofundisha ukocha na uongozi wa michezo. Watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma pale. Sisi tulio jirani tunapita dirishani, tunanunua karanga stesheni, halafu tunapiga simu Dar es Salaam kuulizia kocha!

Cheti cha chuo peke yake hakitoshi siku hizi. Ngazi za CAF ni D, C, B, A mpaka Pro, na kila ngazi ina gharama na muda wake. Mwalimu wa shule ya msingi wa Kahama au Nyang'hwale anayefundisha watoto mpira kila jioni bila kulipwa hawezi kuzipanda kwa mshahara wake. Nilipokuwa shule nilifundishwa na mmoja wa namna hiyo. Filimbi alinunua mwenyewe. Nyavu za goli zilikuwa nyavu chakavu za wavuvi alizoziomba ziwani. Alijua mguu wa kila mmoja wetu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kusoma ukocha.

Fedha ipo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanataka kila mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na aukubaliane na halmashauri. Katika mipango hiyo wekeni mstari mmoja: kila mwaka walimu kumi wa Shinyanga na kumi wa Geita wasomeshwe ukocha. Gharama yake haifiki hata karibu na usajili wa washambuliaji wawili wa kigeni. Baada ya miaka sita au saba tutakuwa na makocha wa kuchagua wanaoijua lugha ya wachezaji wao, na hawatapotea timu ikishuka, kwa sababu nyumba zao ziko hapa.

Kwa anayepewa timu sasa hivi, nataka mambo matatu. Kwanza, achaguliwe na kamati ndogo ya watu wanaoujua mpira, wala si kwa simu ya mkubwa mmoja. Pili, apewe mkataba wa misimu mitatu, na masharti yake yabandikwe ukutani wanachama wayasome: akishindwa nini ataondoka, na wao wakishindwa kumlipa watafanywa nini. Tatu, timu ya vijana iwe chini yake, asiwe mgeni kwenye timu yake mwenyewe.

Na la nne, ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Uwanja wa Kambarage ulijengwa kwa jasho la wananchi wa mkoa huu enzi za chama kimoja, wakiwamo wazazi wetu ambao hawakuulizwa kama wana kadi au hawana. Leo ni mali ya CCM. Timu inayolipia kila inapotaka kucheza nyumbani kwake itapata wapi ya kumlipa kocha? Virudisheni viwanja kwa halmashauri, mapato yabaki kwenye mpira.

Wapo watakaosema nimechanganya siasa na michezo. Nani aliyezichanganya, mimi au aliyeandika jina la chama kwenye geti la uwanja?

Jumamosi ijayo timu itacheza. Ikifungwa, najua tutarudi kijiweni na jina jipya la kocha. Ombi langu ni moja tu. Kabla hujalitaja jina hilo, taja kwanza jina la aliyemwajiri yule aliyepita, na aliyepita kabla yake. Ukiona ni mtu yule yule, basi umeshajua nani wa kumfukuza.