Rubaya: Mlima wenye koltani ndio huo huo unaoporomoka

Kila msimu wa mvua, habari za mashimo kuporomoka na kufukia wachimbaji hurudi kutoka Rubaya, wilayani Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini. Lawama hutupiwa mvua, wachimbaji, au wenye silaha wanaosimamia eneo hilo. Lakini sababu ya kwanza iko ndani ya mwamba wenyewe, na ndiyo hiyo hiyo iliyoleta koltani.

Yote yalianza miaka milioni 980 hivi iliyopita. Chini ya ardhi ambayo leo ni Kivu, Maniema, Tanganyika, Rwanda na Burundi, mawe yaliyoyeyuka kwa joto la digrii 700 hivi yalipanda kutoka chini. Hayakufika juu kama lava ya Nyiragongo. Yalikwama kilomita kadhaa ardhini, yakajipenyeza kati ya mawe ya zamani na kupoa polepole mpaka yakawa graniti.

Kupoa huko polepole ndiko kulikoleta utajiri. Graniti inapoganda, bati, tantalamu na lithiamu haziingii kirahisi katika mawe yanayotangulia kuganda. Hubaki katika majimaji ya mwisho, na majimaji hayo hutafuta nyufa katika mawe ya jirani. Yalipoganda humo yaliacha mishipa minene iitwayo pegmatiti: Rubaya ikapata koltani, Manono ikapata kasiteriti na lithiamu.

Mawe ya jirani nayo yalibadilika. Yaliungua kwa joto, na kandokando ya mishipa yakaota ulanga unaometa na turmalini nyeusi. Bisie, wilayani Walikale, kasiteriti haimo ndani ya graniti. Imo katika mawe ya jirani yaliyopitiwa na maji ya moto.

Kwa nini Rubaya hutosha sepetu?

Baada ya mamilioni ya miaka, mmomonyoko uliondoa tabaka za juu na mishipa ikafikiwa na mvua. Sehemu kubwa ya pegmatiti ni feldispa, jiwe ambalo maji huligeuza polepole kuwa udongo mweupe laini, kaolini. Koltani yenyewe haiozi. Hubaki punje nzito ndani ya udongo huo, na mtu mwenye sepetu na maji ya kuoshea anaweza kuitoa.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Udongo ulio rahisi kuchimba ni rahisi pia kuanguka. Ukilowa unakuwa mzito na kushindwa kujishikilia, hasa kwenye miteremko mikali ya Masisi iliyokwisha kutobolewa mashimo kila upande.

Ulaini huo una uzito wa kisiasa pia. Bisie, ambako mwamba ni mgumu, kampuni inahitaji baruti, mashine na mitaji mikubwa. Mapigano yakikaribia, kazi husimama, kama ilivyotokea Machi 2025. Rubaya inahitaji mikono tu, kwa hiyo uchimbaji huendelea hata vitani, na anayeshika barabara hutoza kodi. M23 iliteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Septemba mwaka huo, mkuu wa MONUSCO wakati huo, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo hilo hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na kwamba kundi hilo hupata makadirio ya dola 300,000 kwa mwezi.

Mazungumzo ya amani yanahusu nani atasimamia mlima huo. Kwa mchimbaji, swali lingine ni zito vilevile: nani atakata mteremko kwa ngazi, kuchimba mifereji ya kutoa maji, na kufunga mashimo mvua inaponyesha? Kanuni za Kongo tayari zinakataza wachimbaji wa mikono kupita mita 30 kwenda chini. Bendera ikibadilika bila kazi hizo kufanyika, udongo mweupe utaendelea kuanguka, na familia za Rubaya zitaendelea kuzika watu wao.