Zima Flashi Yako
Usiku wa kuvuka mwaka, wengi hupiga picha za fataki wakiwa wamewasha flashi. Flashi haifiki kule juu. Humulika moshi na vichwa vya walio mbele yako. Ajuaye kamera huizima, huiweka kamera kwenye stendi, ISO 100, kisha huiacha ikusanye mwanga sekunde 2 au 3 bila kutikisika. Fataki hujichora zenyewe.

Naungama, hata mimi mchungaji wako naombaga na flashi: maneno mengi, kelele nyingi, Mungu hapati nafasi ya kujibu. Soma Zaburi 46:10. Usiku wa leo ukimaliza kuomba, usiinuke haraka. Kaa kimya dakika tano, hata gizani. Ubarikiwe.